Yosefu Aliyeshindwa Kuomba

Mwaka huo Kwaresima na Ramadhani zilikutana, na ua mzima wa Bi Zamda ukachoka.

Upande mmoja wa ua alikaa Bi Zamda mwenyewe, mwenye nyumba, pamoja na mjukuu wake Najiat. Hao walifunga tangu alfajiri hadi jua lilipozama. Upande wa pili walikaa wapangaji wao, Mama Bernadeta na binti yake Levina, Wakatoliki, waliofunga kwa namna yao, yaani kwa kuacha nyama na kunung'unika kimoyomoyo. Katikati ya ua lilikuwepo bomba lililotoa maji kwa kusitasita, kana kwamba nalo limefunga. Mvua za masika zilinyesha kila siku mjini Tabora, nguo hazikukauka, na mkaa ulifuka moshi bila kuwaka. Paka peke yake ndiye aliyekuwa na nguvu, kwa sababu hakuwa na dini.

Levina alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na alisoma darasa la sita. Kila siku aliamka gizani, akachota maji, akafagia ua, akaenda shule. Alipotoka shule alikwenda parokiani kufanya mazoezi ya igizo la Mateso ya Bwana, ambalo watoto wangelionyesha siku ya Ijumaa Kuu. Akirudi nyumbani alipika, akaosha vyombo, kisha akasinzia akiwa bado ameshika sufuria.

Katika igizo hilo kila mvulana alitaka kuwa askari, kwa sababu askari walipewa mikuki. Nikolaus alipata kuwa Pilato, si kwa kipaji, bali kwa sababu kwao walikuwa na pazia jekundu lililofaa kuwa joho. Masolwa alichaguliwa kuwa Yesu kwa sababu msalaba uliotengenezwa na fundi wa parokia ulikuwa wa mninga mtupu, na katika kundi lote hakuna mwingine aliyeweza kuuinua. Alikuwa kijana mwenye mwili, mpenda ugali, na Kwaresima haikuwa imempunguza hata kidogo.

Mtu aliyebaki bila mwigizaji alikuwa Yosefu wa Arimataya. Wavulana wote walimkataa. Hakuwa na mkuki, alitokea wakati mambo yameshakwisha, na kazi yake ilikuwa kubeba maiti. Ndipo Levina akafungwa kilemba kichwani na kuambiwa kwamba tangu saa hiyo yeye ni mzee tajiri. Sentensi yake ilikuwa moja tu.

"Mheshimiwa Pilato, naomba nipewe mwili wa Yesu niuzike," alisema siku ya mazoezi, kwa sauti ya usingizi.

"Simama hapo hapo," alisema Mwalimu Emilian, katekista wa parokia, mtu mrefu ambaye naye alikuwa amechoka hadi kola ya shati lake ilikuwa imelala. "Levina, umetumwa vitunguu?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi usiombe kama mtu aliyetumwa vitunguu. Unajua unaomba kitu gani, na kwa nani?"

Levina alimtazama Nikolaus, aliyekuwa amejifunga pazia na kukaa juu ya meza huku akijikuna kidevu kwa madaha.

"Sikilizeni wote," Mwalimu Emilian alisema. "Warumi walipomsulubisha mtu, mara nyingi walimwacha pale pale msalabani, ndege wamle, watu wapite waone na waogope. Kumzika ilikuwa mpaka mkubwa akubali. Na anayekwenda kuomba mwili wa mtu aliyehukumiwa, huyo naye anaweza kuulizwa: wewe ni nani wake? Mlikuwa pamoja? Yosefu aliogopa. Lakini Injili inasema alijipa ujasiri, akaenda, akaomba."

Masolwa, aliyekuwa amelala sakafuni kama maiti, alifungua jicho moja. "Mwalimu, kwa nini hakuuchukua tu usiku kimya kimya?"

"Maiti haiulizi maswali," alisema Nikolaus.

"Swali zuri, ingawa limetoka kwa marehemu," Mwalimu Emilian alijibu. "Kwanza, muda haukuwepo. Jua likizama Sabato inaanza, na Wayahudi hawakufanya kazi siku ya Sabato. Ndiyo maana walimzika haraka haraka, na wale akina mama wakalazimika kurudi Jumapili asubuhi na manukato yao. Pili, mwili wa mtu hauibwi. Unaombwa. Yosefu alikuwa na kaburi jipya alilojichongea mwenyewe mwambani, akalitoa. Alikuwa na fedha, akanunua sanda ya kitani. Lakini kabla ya kutoa kitu chochote, aliomba. Haya, Levina, rudia. Na hiyo sanda utaileta wewe. Kitani hatuna, shuka jeupe litatosha."

"Ndiyo, Mwalimu," alisema Levina, akapiga miayo ndani ya kilemba.

Mashuka meupe kwao yalikuwepo mawili. Bahati mbaya, Jumatano ya wiki hiyo mama yake alipanda basi kwenda Lusu kumtunza dada yake aliyejifungua, na mashuka yote mawili yakaenda naye. "Ukikwama kwa jambo lolote, mwambie Bi Zamda," mama alisema akifunga furushi. "Usimwonee haya, yule ni mtu wetu." Levina aliitikia bila kusikia vizuri, kwa maana alikuwa anasinzia juu ya ndoo.

Jumatano hiyo alikusudia kumwomba Bi Zamda shuka. Alipomaliza vyombo alikuwa hoi, akasema kesho. Alhamisi alikusudia tena. Alipotoka kanisani miguu ilimuuma, akasema kesho. Kesho yake ilikuwa Ijumaa Kuu.

Adhuhuri ya Ijumaa Kuu Levina alifika nyumbani akikimbia, kilemba mkononi. Igizo lingeanza muda mfupi baadaye. Najiat alikuwa ameenda sokoni kununua mihogo ya futari. Mlango wa Bi Zamda ulikuwa wazi, na Bi Zamda mwenyewe alikuwa amelala kitandani, khanga imemfunika hadi kifuani. Alikuwa na presha, na daktari alimkataza kufunga, naye alimsikiliza daktari kwa heshima kubwa kisha akafunga.

Levina alisimama kando ya kitanda. Alifungua kinywa.

Bi Zamda alivuta pumzi ndefu, akaigeuza shingo, akaendelea kulala. Uso wake ulikuwa umechoka hata usingizini.

Levina alifunga kinywa. Alijiambia kwamba anamhurumia bibi wa watu, si vizuri kumwamsha mgonjwa. Ukweli ni kwamba alijihurumia yeye mwenyewe. Bi Zamda akiamshwa angeuliza shuka la nini, la nani, litarudi lini, na mama yako hajambo, na Levina hakuwa na nguvu ya kujibu hayo yote.

Chini ya dirisha kulikuwa na sanduku la mbao lenye misumari ya shaba, sanduku la zamani sana, lililoletwa kutoka pwani kichwani mwa mpagazi enzi za misafara. Kufuli lake lilikufa kabla Levina hajazaliwa. Mara nyingi Bi Zamda alimtuma humo: nitolee khanga, nitolee miwani. Kwa hiyo Levina aliinua kifuniko bila kukiliza, akapekua khanga, akapekua mabuibui, na chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni, akakuta kitambaa cheupe kirefu kilichokunjwa vizuri. Hakikuwa na pindo wala mshono. Kilinukia udi na kitu kingine kikali, cha baridi, kama dawa ya kuchua.

Levina akafikiri kwamba kitambaa ambacho hata hakijashonwa hakina kazi. Angekirudisha kabla ya magharibi.

Akakichukua.

Igizo lilikwenda vizuri kuliko mazoezi. Nikolaus alinawa mikono katika beseni kwa mbwembwe nyingi mno, mpaka watoto wadogo wa mbele wakaloa. Askari walipiga kelele. Masolwa aliuburuta msalaba wa mninga katika matope ya uwanja wa parokia, akaanguka mara zote alizotakiwa kuanguka na mara moja zaidi. Damu yake ilikuwa choya, ile ya kutengenezea juisi, iliyochemshwa na shangazi yake mpaka ikawa nzito. Shangazi hakubana matumizi. Masolwa alikuwa mwekundu tangu paji la uso hadi magotini, na akina mama kadhaa walilia kweli.

Zamu ya Levina ilipofika, alikwenda mbele ya Pilato. Labda ni uchovu, labda ni wasiwasi wa kile kitambaa begani kwake, lakini sauti ilimtetemeka yenyewe.

"Mheshimiwa Pilato," alisema, "naomba nipewe mwili wa Yesu niuzike."

Mwalimu Emilian, kando, alifumba macho kwa furaha. Nikolaus alijikuna kidevu kwa muda mrefu, akakubali.

Walimtelemsha Masolwa, wakamviringisha katika kitambaa cheupe, wakamwinua. Mvulana aliyeigiza Nikodemo alishika miguu, Levina alishika mabega. Harufu ya udi ikapanda, na mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi la mbele akajikohoza na kuvua kofia, kana kwamba maziko ni ya kweli. Kisha Nikodemo akakanyaga tope.

"Aah, nyie!" alisema marehemu alipogonga chini.

Watu walijaribu kutocheka kwa sababu ilikuwa Ijumaa Kuu. Hawakufanikiwa. Masolwa alikumbuka kwamba amekufa, akafumba macho, akabebwa tena hadi kaburini akiwa na matope upande mmoja na choya upande mwingine.

Najiat alikuwa anamenya mihogo uani Levina aliporudi na kitambaa ndani ya ndoo. Yeye na Levina walikuwa rika moja, wakikaa dawati moja, na ulimi wa Najiat haukuwa na mfungo.

"Yosefu tajiri huyo," alisema. "Umezika salama?"

"Tumemwangusha."

"Mmemwangusha Yesu wenu? Levina, nyie..." Najiat aliacha kucheka. Pua yake ilikuwa imenusa kitu. Aliweka kisu chini, akasogea kwenye ndoo, akainua ncha ya kitambaa kwa vidole viwili. "Hii harufu ni ya karafuu maiti. Hii umeitoa wapi?"

"Kwenye sanduku la Bibi. Naifua sasa hivi, naikausha, naire—"

"Hii ni sanda ya Bibi."

Levina hakuelewa. "Sanda ya bibi gani? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa! Ni yake mwenyewe, ya siku yake. Wazee wengi wanajiwekea, hujui? Babu aliileta Makka alipokwenda kuhiji. Ilichovywa maji ya Zamzam, ikakaushwa huko huko. Babu alileta mbili. Yake alizikwa nayo. Hii ndiyo ya Bibi. Kila mwaka anaitoa, anaianika, anaikunja tena. Mimi mwenyewe hairuhusiwi niiguse bila udhu." Najiat alitazama doa jekundu, kisha akamtazama rafiki yake. "Umemviringisha nani humu?"

"Masolwa," alisema Levina kwa sauti ndogo.

Bomba lilidondosha tone.

"Tufue," Najiat alinong'ona hatimaye. "Tufue, tuirudishe. Hatajua."

Walimimina maji katika beseni, wakaitumbukiza sanda yote, wakaipaka sabuni. Matope yalitoka kwa shida. Choya haikutoka. Ilifanya jambo baya zaidi: ilipokutana na sabuni ikaacha wekundu, ikawa na rangi ya samawati iliyochafuka, kama wino uliomwagika. Kadiri walivyosugua, ndivyo ilivyosambaa. Mikono ya Levina ilivimba, mgongo ukauma, na tumbo, lililokuwa halijapata kitu tangu asubuhi, likaguna. Adhana ya magharibi ilipolia walikuwa bado wanasugua. Najiat alikimbia kutenga futari. Levina alikamua sanda na kuitundika chumbani kwao, juu ya kamba, mlango ukiwa umefungwa.

Baada ya muda Najiat alibisha hodi akiwa na bakuli. Lilikuwa na mihogo ya nazi, ya moto.

"Bibi kasema mpelekee Yosefu wetu, leo amefanya kazi ya kuzika, kazi hiyo ina thawabu," alisema Najiat bila kumtazama.

Levina alilichukua bakuli. Aliliweka mezani chini ya sanda iliyokuwa ikidondosha maji ya samawati, akaketi, akalitazama mpaka likapoa.

Jumamosi Kuu ni siku ambayo kanisani hakuna kinachofanyika mpaka jioni. Altare iko wazi bila kitambaa, kengele hazilii. Levina alikuwa amezoea kuiona siku hiyo kuwa ya kuchosha tu. Safari hii aliielewa. Alielewa jinsi wale akina mama wa Injili walivyokaa siku nzima, kaburi limefungwa, manukato yakiwa mkononi, na hakuna la kufanya.

Mvua ilipiga bati tangu alfajiri. Sanda haikukauka.

Saa za asubuhi alisikia sauti ya Bi Zamda kupitia ukutani, nzito na ya taratibu. "Najiat. Kichwa kinanizunguka leo. Nifungulie sanduku, unitolee ile nguo yangu ya Makka. Nataka niione tu."

Kifuniko cha sanduku hakikusikika.

"Najiat, husikii?"

"Mvua, Bibi," sauti ya Najiat ilisema. "Itaingia unyevu. Tungoje jua."

"Nimesema niione, sikusema niianike."

"Ndiyo, Bibi. Ngoja kwanza nikuletee... mto."

Levina alisimama katikati ya chumba. Alijua Najiat hana mito ya kutosha kudanganyia siku nzima. Alijua pia kwamba Bi Zamda ni mgonjwa kweli, kwamba huenda siku yoyote ataihitaji nguo ile kwa kazi yake, na itakapotafutwa itakutwa na sura ya daftari lililomwagiwa wino. Tena atakayeulizwa ni Najiat, ambaye hakuwa amefanya kosa lolote isipokuwa kusugua.

Aliishusha sanda mbichi kutoka kwenye kamba, akaikunja juu ya mikono yake miwili, akavuka ua kwenye mvua.

"Hodi, Bibi."

"Karibu. Ni nani? Levina?"

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ulikula mihogo?"

Hilo ndilo lililomshinda. Levina alijikuta amepiga magoti kwenye mkeka, machozi yanamtoka, na sanda iko mbele yake. Alisema yote. Alisema kuhusu shuka lililokwenda Lusu, kuhusu usingizi, kuhusu sanduku, Masolwa, tope, choya na sabuni. Alisema Najiat alisaidia kufua tu. Najiat, aliyekuwa mlangoni na mto wa tatu mkononi, alianza kulia naye ili asimwache peke yake.

Bi Zamda alijivuta akaketi, akavaa miwani, akaivuta ile nguo hadi mapajani. Aliipitisha mkononi taratibu, shibiri kwa shibiri, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. Alipofika kwenye doa alisimama. Alipomaliza aliinusa. Ilinuka sabuni.

"Mmeisuuza yote?"

"Yote, Bibi."

Bi Zamda aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. "Mzee wangu aliibeba begani kutoka Makka," alisema. "Mabegi mengine aliwapa watu wamsaidie, hii akaikatalia." Alivua miwani, akaifuta kwa khanga ingawa haikuwa na vumbi. "Sitakudanganya, Levina. Inauma."

Mvua ndiyo iliyosema.

"Huyo uliyemwigiza," Bi Zamda aliuliza baada ya muda, "huyo Yosefu. Alikuwa nani hasa?"

Levina alifuta kamasi. "Mzee tajiri, Bibi. Alikuwa amejichongea kaburi lake mwenyewe, jipya. Yesu alipokufa, akalitoa wamzike humo. Akanunua na sanda."

"Habari za Nabii Isa sisi tunazisoma kwa namna yetu, na hayo tuwaachie masheikh na mapadre. Lakini mtu kumtolea mwenzake stara yake mwenyewe, hapo sisi na ninyi hatugombani." Alifikiri. "Huo mwili ulikuwa wapi?"

"Msalabani. Kwa Warumi."

"Sasa aliupataje?"

"Alikwenda kuuomba kwa Pilato."

"Pilato ndiye nani?"

"Mkubwa wa Warumi. Ndiye aliyetoa hukumu ya kumuua."

Bi Zamda aliinua uso. Macho yake, pamoja na uchovu wote, yalikuwa makali. "Yaani Yosefu alikwenda kwa muuaji mwenyewe, mwenye askari na mikuki, akasimama mbele yake, akaomba?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na akapewa."

"Akapewa."

"Na wewe, ukiwa umevaa kilemba cha Yosefu huyo huyo, umeshindwa kumwomba Zamda. Bibi kizee, hana mkuki, presha yenyewe inamwangusha." Alitikisa kichwa. "Uliniogopa mimi kuliko alivyoogopwa Pilato?"

Levina aliinamisha kichwa. Sentensi aliyoirudia wiki nzima, kwenye bomba, njiani, kitandani, ilikuwa imekaa kinywani mwake muda wote huo, na siku ilipotakiwa kweli hakuitumia.

"Sikukuogopa, Bibi," alisema. "Nilikuwa nimechoka. Niliona kukuamsha ni kazi."

"Naam. Hapo umesema kweli." Bi Zamda aliigonga pembe ya sanduku kwa kidole. "Unaliona sanduku hili? Limetoka pwani kichwani mwa mtu aliyechoka kuliko wewe. Alitembea mpaka nyayo zikapasuka. Angeweza kulitupa porini akasema nimechoka. Halafu leo ungepekua nini? Kuchoka si kosa, mjukuu wangu. Mimi nimechoka, mama yako amechoka, mvua tu ndiyo haichoki. Lakini ukichoka, ndipo mambo ya watu yanapotaka uangalifu zaidi."

Alimwita Najiat atue mto na alete ndimu na maji safi. Walikamulia ndimu kwenye doa. Samawati ikarudi kuwa nyekundu, kisha ikafifia polepole hadi waridi. Haikutoka kabisa. Lilibaki doa upande mmoja tu, karibu na ncha, kama shavu la mtu mwenye haya.

Bi Zamda aliipima nguo kwa macho. "Hii ilikatwa nikiwa mnene," alisema. "Mzee alipenda kunisifia unene. Sasa angalia mikono hii. Najiat, shika huku. Levina, shika kule. Chaneni hapo, kabla ya doa. Msilete mkasi."

"Tuichane, Bibi?"

"Sanda inachanwa. Haitaki urembo, inataka usafi. Nitakayobakia nayo inanitosha. Maji ya Zamzam yamekwenda, lakini Mwenyezi Mungu anajua yalikuwepo."

Walivuta. Nguo ilichanika kwa mlio mrefu ulionyooka, na wote watatu wakashusha pumzi. Kipande kirefu kilikuwa cheupe tupu. Bi Zamda alikiweka kando kingoje jua. Kile kifupi chenye doa alikikunja mara mbili, akakishika mkononi.

"Hiki ni cha maziko yenu ya mwakani," alisema.

Levina alinyoosha mikono. Bi Zamda akakirudisha kifuani.

"Aa-aa. Sijasikia kitu."

Najiat alimsukuma Levina kwa kiwiko. Levina alisimama. Aliweka miguu sawa kama Mwalimu Emilian alivyomfundisha, akafuta uso, akamtazama Bi Zamda machoni.

"Bibi Zamda," alisema, "naomba nipewe."

Bi Zamda alifikiri. Alijikuna kidevu, taratibu, kwa madaha ambayo Nikolaus asingeyaweza hata angepewa mapazia mawili. Kisha akatoa.

"Umepewa," alisema. "Na ulishike neno hili usiku na mchana: kitu cha mtu, hata kama sanduku halina kufuli, mlango wake ni mdomo wako. Ukiomba ukanyimwa, hujapoteza chochote. Ukichukua bila kuomba, hata ukifanikiwa, umemwibia mwenzako nafasi ya kukupa. Mimi ningekupa shuka, Levina. Ningekupa mawili, na thawabu ningepata. Ukaninyima."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe tangu mlangoni, ulipoileta mwenyewe. Ungesubiri niikute, tungezungumza lugha nyingine." Akajilaza, akavuta khanga. "Kitambaa hicho hakitamfunika yule Masolwa wenu."

"Hakitamfunika, Bibi."

"Basi mtafute Yesu mwembamba. Haya, niacheni nilale."

Siku ya Pasaka jua lilitoka. Sanda ilianikwa uani mapema, na paka akakatazwa kuikaribia. Mama Bernadeta alirudi kutoka Lusu na mashuka yake mawili, akasimuliwa, akashika kichwa, akaenda kumwomba radhi Bi Zamda kwa muda mrefu sana. Levina aliachiwa kupika pilau ya sikukuu. Katikati ya kazi chumvi ikaisha.

Alivuka ua. Bi Zamda alikuwa amelala tena, saumu imemlegeza, na kopo la chumvi liko wazi dirishani, karibu kabisa na mkono. Levina alilitazama kopo. Akamtazama Bi Zamda. Akavuta pumzi.

"Bibi. Bibi! Amka, Bibi."

"Eh! Nani? Kuna nini?"

"Shikamoo, Bibi. Naomba chumvi."

Bi Zamda alifungua jicho moja. Hiyo ilikuwa mara ya tatu asubuhi hiyo. Mara ya kwanza Levina alikuwa ameomba kiberiti, mara ya pili upawa.

"Chukua," alisema, akageukia ukutani na kujifunika khanga hadi utosini. Sauti yake ilitoka ndani humo, imechoka kabisa. "Sasa ndiyo namwelewa yule Pilato wenu kwa nini alikubali haraka."